Zaireeka ya The Flaming Lips: CD nne zinapishana, je kopi yangu ni mbovu?

*"Habari mtaalamu. Nimefanikiwa kupata albamu ya Zaireeka ya The Flaming Lips, ile yenye CD nne zinazotakiwa kupigwa kwa pamoja. Sina pleya nne za CD kwa hiyo nimezihamishia kwenye simu mbili, tableti na laptopu, kila kimoja nimekiunga na spika yake ya Bluetooth. Tatizo hazikai pamoja hata kidogo, nikibonyeza plei hii inatangulia ile inafuata, nikifika wimbo wa nne ni vurugu tupu. Nimejaribu kuvuta mbele na nyuma lakini wapi. Nikizipiga moja moja nazo zinasikika kama nyimbo ambazo hazijamaliziwa. Rafiki yangu ana faili ambalo mtu kaunganisha zote nne zikawa stereo moja, ananiambia nisikilize hilo niachane na mateso. Je, kopi yangu ni mbovu? Na hilo faili ni sawa na albamu yenyewe? La mwisho, wimbo wa sita mke wangu hawezi kabisa kukaa nao chumba kimoja, anasema masikio yanamlia na kichwa kinazunguka, wakati mimi sisikii cha ajabu chochote. Kuna hatari?"*

Ndugu yangu, kopi yako ni nzima, tulia. Ila kuna mambo mawili umeyachanganya na karibu kila anayeanza na hii albamu anayachanganya: kuna kupishana ambako bendi walikujua na wakakukubali toka mwanzo, halafu kuna kupishana ambako umekuleta wewe na vifaa vyako, na hako ka pili ndo kanakuharibia. La mkeo nitalijibu kwa urefu wake huko chini, na kama masikio bado yanamlia hata sasa hivi unaposoma basi ruka yote haya uanze na sehemu hiyo.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini. The Flaming Lips ni bendi ya Oklahoma City, Marekani, na miaka ya tisini wengi waliwajua kwa wimbo mmoja tu uliovuma redioni, She Don't Use Jelly wa mwaka 1993. Mwaka 1996 mpiga gitaa wao Ronald Jones akaondoka, wakabaki watatu, Wayne Coyne, Steven Drozd na Michael Ivins, na badala ya kutafuta mpiga gitaa mwingine wakaanza kucheza na sauti yenyewe. Coyne akawa anakusanya watu na magari yao kwenye maegesho, kila gari linapewa kaseti yake, wote wanabonyeza plei kwa ishara yake, milango iko wazi, muziki unatoka magari makumi kwa wakati mmoja na wewe unatembea katikati. Walifanya hivyo kwao Oklahoma City na mwaka 1997 wakafanya Austin, Texas, kwenye tamasha la South by Southwest. Zaireeka ndo hilo jaribio limeletwa sebuleni. Ilitoka Oktoba 1997 chini ya Warner Bros., mtayarishaji akiwa Dave Fridmann pamoja na bendi yenyewe, nyimbo nane, na kila wimbo umegawanywa vipande vinne vya stereo, kipande kimoja kwa kila CD. Jina wameliunga kutoka Zaire na eureka (neno la mtu anayeshangilia "nimepata!"), na ilipoingia madukani nchi yenyewe ilikuwa imeshaacha kuitwa Zaire tangu Mei mwaka huohuo.

Kwa hiyo ukipiga CD moja peke yake ukasikia wimbo ambao haujamaliziwa, hiyo ndo hali yake halali. Watu wengi hudhani CD ya kwanza ni sauti za waimbaji, ya pili ngoma, ya tatu magitaa na kadhalika, hapana, hawakugawa kwa vyombo hivyo. Kila CD ina mchanganyiko wake wenyewe, na ruksa kupiga mbili tu au tatu, na ukihesabu namna zote za kuzikutanisha, moja moja, mbili mbili, tatu tatu na zote nne, unapata namna 15 za kusikia kila wimbo. Mhakiki mmoja wa Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, wakati huo aliipa 0.0 kati ya 10, na hoja yake kubwa ilikuwa huo usumbufu wa kutafuta redio nne. Binafsi naona alihukumu mlango hajaingia nyumba.

Sasa tuje kwenye kupishana.

Kila pleya ya CD ina saa yake ndani. Sauti kwenye CD imekatwa vipande 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, na pleya inapovitoa vile vipande inafuata mapigo ya kristali ndogo ya kwatzi iliyomo ndani yake, kama saa za ukutani nne ulizoziseti pamoja leo asubuhi, zote nzuri, lakini baada ya mwezi hakuna mbili zinazokubaliana. Kristali ya kawaida inaweza kukosea kama sehemu 50 katika milioni. Inaonekana kitu kidogo lakini kwa dakika moja hizo ni milisekunde 3 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na kama pleya moja inawahi kwa kiasi hicho na nyingine inachelewa kwa kiasi hicho basi zinaachana milisekunde 6 kila dakika. Wimbo wa dakika tano, 30. Wimbo wa nne ulioutaja, A Machine in India, ndo mrefu kuliko yote, unapita dakika 10, pale zinaweza kufika 60. Wao hili walilijua vizuri sana, ndo maana wimbo ukipigwa Jumatatu na ukipigwa Jumanne haufanani, na hawakuona ni tatizo, waliliweka liwe sehemu ya muziki.

Sasa sikio linafanya nini na hizo milisekunde? Hapa naomba usome taratibu maana ndo kiini cha jibu langu. Sauti ileile ikikufikia kutoka sehemu mbili, ya pili ikichelewa chini ya kama milisekunde 30 au 40, ubongo hausikii mbili, unaziunganisha unasikia moja, na unaamini imetoka upande ule uliotangulia. Ikipita hapo, hasa kwa mlio mkali mfupi kama ngoma au makofi, inaanza kutengana unasikia mwangwi. Kwa nyuzi na sauti ndefu za kuvuta uvumilivu ni mkubwa zaidi. Ongeza na chumba chenyewe: sauti hewani inatembea kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja ni karibu milisekunde 3, kwa hiyo ukikaa mita moja kutoka spika hii na mita nne kutoka ile tayari kuna tofauti ya milisekunde 9 hata kama pleya zingekuwa zimefungwa pingu pamoja. Ukihama kiti umehama wimbo. Hakuna wasikilizaji wawili chumbani humo wanaosikia kitu kimoja, na hili wala si kasoro.

Kwa hiyo kupishana kwa makumi machache ya milisekunde ni halali yako, kufurahie. Lakini wewe unazungumzia vurugu tupu, na vurugu tupu haiwezi kuletwa na kristali. Inaletwa na vitu viwili.

Cha kwanza ni Bluetooth. Spika ya Bluetooth haitoi sauti palepale, simu inaibana kwanza, inaituma, spika inaihifadhi kidogo isije ikakatika, inaifungua, ndo inapiga. Hiyo safari kwa kawaida ni milisekunde 100 mpaka 300 na kila spika ina muda wake kutegemea na namna ilivyotengenezwa. Una spika nne tofauti, vifaa vinne tofauti, yaani una ucheleweshaji wa aina nne ambao hauuoni kwenye skrini, skrini inakuambia zote ziko sekunde ya 12 lakini hewani haziko hivyo. Ndo maana kuvuta mbele na nyuma hakukusaidia, ulikuwa unarekebisha kwa macho kitu ambacho macho hayakioni.

Cha pili, na samahani kwa kukiweka wazi hivi, ni kwamba uko peke yako na una mikono miwili. Ukibonyeza mbili kisha ukakimbilia mbili nyingine umeshapoteza sekunde nzima au zaidi. Kristali ingehitaji masaa kuleta uharibifu wa sekunde moja. Albamu hii inataka watu wanne, kila mmoja na kitufe chake, na ukiniuliza mimi hicho ndo kitu muhimu kuliko vifaa vyote. Mtu anayehesabiwa tatu, mbili, moja akabonyeza hakosei sana, vidole vinne vilivyokubaliana vinaachana kidogo tu, na kile kidogo kinaingia palepale kwenye eneo ambalo sikio linasamehe au linaona raha.

Chaguzi zako basi.

Njia bora ni pleya nne za CD zenye waya, na hazihitaji kufanana wala kuwa za gharama. Watu wananiuliza sana kama lazima ziwe za aina moja, hapana, ile redio ndogo ya zamani yenye kaseti na CD ni nzuri kabisa kwa namba moja kati ya nne, kila moja itakuwa na rangi yake ya sauti na hiyo inasaidia sikio kuzitenganisha. Azima kwa marafiki, mwenye redio aje na redio yake, na ukishafanya hivyo umeshapata na watu wanne bila kutangaza. Ziwekeni pande nne za chumba, zikiangalia ndani. Kila mtu aweke CD, achague wimbo, abonyeze plei na palepale abonyeze pozi ili diski iendelee kuzunguka, maana ukianzia kwenye stopu kila pleya inachukua muda wake kuamsha mota na kutafuta wimbo, na hapo ndo zinaachana vibaya. Kutoka kwenye pozi zinaitikia haraka. Mmoja ahesabu kwa sauti, wote waachie pamoja. Wimbo ukiisha, pozini wote, hesabuni upya kwa wimbo unaofuata. Msiziache zitiririke kutoka wa kwanza mpaka wa nane kwa sababu makosa yanajumlishwa, mkihesabu upya kila wimbo unaanza na usafi wake. Na katikati ya wimbo moja ikionekana kutangulia, mwenye nayo aguse pozi na plei harakaharaka, itarudi nyuma kidogo. Kidole kinazoea upesi tu.

Kama CD pleya hazipatikani kabisa, tumia hivyohivyo vifaa vyako lakini toa Bluetooth, weka waya wa AUX. Simu yako kama haina tundu kuna kile kiunganishi kidogo cha waya. Hakikisha faili limo ndani ya kifaa, lisiwe la kuvutwa mtandaoni, na zima ile mipangilio ya kuunganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Ukitaka kupima kabla ya wageni kuja, chukua mlio wowote mfupi, hata kofi moja ulilorekodi, liweke kwenye vifaa vyote vinne, pigeni kwa kuhesabu, simu ya tano irekodi kutoka katikati ya chumba. Fungua rekodi kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi, utayaona yale makofi manne yamejipanga na utajua nani mchelewaji.

Kuna njia ya tatu ambayo sisi watu wa studio tunaipenda: kompyuta moja, kadi ya sauti yenye njia nane za kutoa, unapanga zile stereo nne kwenye programu ya kurekodia, unazituma kwenye jozi nne za spika. Saa ni moja kwa hiyo hazitaachana milele. Ni safi, inasikika vizuri mno, inafaa kujifunza nini kiko wapi. Lakini nikisema ukweli naipa nafasi ya pili, kwa sababu inaondoa ile hali ya kila upigaji kuwa wa kwake, na inamrudisha mtu mmoja kwenye usukani wakati wenyewe walitaka wanne.

Faili la rafiki yako sasa. Silichukii, na kama una mtu hajui hii albamu na unataka apate picha ya haraka ya nyimbo, mpe. Lakini si sawa na albamu, na sababu siyo mapenzi tu, ina msingi wa kisikio. Sauti mbili zinazotoka mahali pamoja zinafunikana, kubwa inaizima ndogo iliyo karibu nayo kimlio, lakini zikitoka pande tofauti sikio linaweza kuzitenga na kuisikia ile ndogo vizuri tu, ndo uwezo uleule unaotumia kumsikiliza mtu mmoja kwenye ukumbi wenye kelele. Zaireeka imejazwa vitu kwa kutegemea huo uwezo, nyuzi huku, kelele kule, sauti ya Coyne katikati yake. Ukivirundika vyote kwenye spika mbili, unavipokonya nafasi vinaanza kugombana, halafu aliyechanganya inabidi ashushe kila kipande ili jumla isipasuke, vidogo vinapotea kabisa. Sikiliza March of the Rotten Vegetables, ngoma za Drozd, kwenye lile faili, kisha uje usikilize chumbani zikiwa pande nne na wewe umesimama katikati. Kwenye faili ni mpiga ngoma anayepiga kwa nguvu, chumbani ngoma zinahama, zinarudi nyuma ya kisogo chako, na ule upishanaji mdogo wa pleya unageuka mapigo mengine ambayo hakuna aliyeyapiga. Hapo ndo utaelewa kwa nini walijisumbua. (Kuna pia toleo la sahani nne za santuri la mwaka 2013, ila hilo linataka tantebo nne, yaani mashine za kupigia santuri, sikushauri uanzie huko.)

Na ujue kazi hii haikuishia kuwa mchezo. Kipindi hichohicho, na Fridmann huyohuyo, kwenye studio yake ya Tarbox Road huko jimbo la New York, ndo walikuwa wanajenga The Soft Bulletin iliyotoka 1999, albamu iliyowabadilishia jina duniani. Zile nyuzi kubwa na ngoma zilizopasuka unazozisikia mle zilianza kujaribiwa humu kwenye CD nne, ukizisikiliza mfululizo utaona njia.

Sasa mkeo. Wimbo wa sita ni How Will We Know? na bendi wenyewe waliweka onyo kwenye albamu kwamba kuna milio ya juu sana na ya chini sana inayoweza kumfanya mtu achanganyikiwe, kwa hiyo anachokisema ni kweli, asibezwe. Kwamba wewe husikii ni jambo la kawaida, uwezo wa kusikia milio ya juu hupungua kadri umri unavyokwenda na hutofautiana sana mtu na mtu, na kelele za kazini nazo zinauchukua mapema. Hatari inaanzia hapohapo: asiyesikia ndo anayeongeza sauti. Usiongeze. Sauti iwe ya kiasi ambacho yule anayesikia zaidi chumbani anakivumilia, yeye ndo kipimo.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaiwazi. Spika nne zenye nguvu sawa hazina ukubwa wa spika moja, zinaongeza kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, unasema desibeli 85 kwa masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo spika iliyokuwa inakupa 85 zikiwa nne umefika 91 na muda wako umeshuka mpaka masaa 2. Kila mmoja akiweka redio yake "kawaida" jumla yake si kawaida. Anzeni chini, wote wanne, ndo mpandishe kwa pamoja kama kuna haja. Watoto wadogo wasiwepo kwenye huo wimbo, na usiupige ukiwa unaendesha gari.

Kichwa kikizunguka, zimeni, atoke nje, akae, kwa kawaida kinatulia baada ya muda mfupi. Masikio kulia kwa masaa kadhaa baada ya sauti kubwa hutokea, ni ishara ilizidi, yapumzishwe. Lakini kama yanalia zaidi ya siku moja au mbili, au anasikia kama sikio limezibwa, au chumba kinaendelea kuzunguka hata muziki umezimwa, aende kwa daktari wa masikio, asitibiwe kwa ushauri wa mtandaoni ukiwemo wangu. Na kama sikio moja limepunguza kusikia ghafla, hilo ni la siku hiyohiyo, msisubiri kesho, kwa sababu matibabu yake yanategemea sana kuwahi. Yeye huo wimbo si lazima kabisa, zimebaki saba, na wewe ukitaka kuusikia usikie siku hayupo, kwa sauti ya chini.

Mkikusanyika mara ya kwanza msianze na wa kwanza mpaka wa mwisho. Anzeni na March of the Rotten Vegetables kwa sababu ngoma zinawaonyesha haraka nani anachelewa, kisha Riding to Work in the Year 2025, kisha ule wa mwisho, The Big Ol' Bug Is the New Baby Now, Coyne anasimulia habari ya mbwa wake na mwishoni mbwa wanabweka kutoka pande zote, hapo hata aliyekuja kwa kuburutwa anacheka. A Machine in India muuache mpaka vidole vizoee. Na kama mkishatumia pleya za waya na watu wanne bado diski moja inarukaruka, ihamishie kwenye pleya nyingine kwanza: ikitulia, tatizo ni lenzi ya ile pleya, mpe fundi aisafishe, ikiendelea kuruka ndo diski yenyewe ina mikwaruzo na hapo sasa ndo una haki ya kumrudia aliyekuuzia.